Mtakatifu wa Baa ya Lizaboni

Miaka ile ya ruksa ya biashara, pale Songea, kila mwenye kreti mbili za soda na meza isiyoyumba sana aliamka mkurugenzi. Jana yake alikuwa karani, au mkulima wa tumbaku, au hana kazi kabisa. Leo yuko mlangoni kwake, mikono kiunoni, anasubiri wateja. Na mkurugenzi asiye na bango ni nani? Ni mtu aliyekaa na kreti mbili za soda. Ndiyo maana mwaka tisini na tatu mtu mmoja wa mtaa wa Bombambili, Rupert Luambano, alizipanga brashi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga akamtangazia mkewe kwamba umaskini sasa basi.

Mkewe Lidwina alikuwa anapepeta mahindi. "Haya," alisema, akaendelea kupepeta. Alikuwa ameshausikia umaskini ukiagwa mara mbili: mwaka wa sungura na mwaka wa kutengeneza redio. Sungura walikufa, na redio moja haijapata kusema neno tangu siku ile.

Lakini tusimwonee mtu. Kuchora alikuwa anajua. Alifundishwa ujanani na bruda mmoja wa Kizungu aliyezunguka vigangoni akipamba kuta za makanisa. Bruda anampa picha ndogo ya mtakatifu, zile za kuweka ndani ya kitabu cha sala, naye Rupert anaikuza mpaka inajaa ukuta mzima. Miaka kumi na moja ya Yosefu, Petro, Antoni, Monika na Bikira Maria. Macho yameinama kidogo, shingo imelala upande, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi. Miaka yote hiyo mtu hai hakumchora hata mmoja. Bruda alikuwa akisema watu hai wanatikisika, tena wanataka kupendezeshwa, bora watakatifu waliokwisha kutulia. Ujira ulikuwa sukari, sabuni ya mche na kuombewa. Maombi hayo Rupert alikuwa nayo ya kumtosha yeye na wajukuu zake. Sukari ilikuwa inaisha.

Aliyemharakisha hasa ni baba mkwe wake, Mzee Polikarp Kapinga, mkulima wa kahawa wa milima ya Mbinga, mwenyekiti wa kigango, mtu wa watu, na mgumu kama kisiki. "Brashi hailimi," ndiyo ilikuwa salamu yake. Pasaka ile alileta ujumbe kwamba mavuno ya kahawa yakianza, kama hajaona kazi ya mkwe wake kwa macho yake mawili, anakuja kumchukua binti yake na watoto. Mkwe naye akitaka anaweza kufuata, maana kuna mashimo mia tatu ya miche yanasubiri mtu wa kuyachimba.

Rupert angemjibu wapi? Kwa kina Lidwina mkwe hatazamwi usoni. Ukisalimia unatazama chini, ukipewa kiti unakikalia upande, ukiulizwa unaijibu ardhi. Miaka minane ya ndoa, Rupert alimjua baba mkwe wake kwa viatu. Mama mkwe ndiyo usiseme, huyo alimjua kwa pindo la kanga na sauti ya kukohoa.

Basi Mungu si Athumani, akatokea Marcelino Haule.

Marcelino alikuwa amepunguzwa kazi katika shirika moja la umma, akapewa kiinua mgongo, na kabla mgongo haujainuka sawasawa akawa ameshajenga baa kule mtaa wa Lizaboni. Aliiita Tulizo. Ukuta wa mbele, unaotazama barabara, aliuacha wazi kwa makusudi.

"Nataka mwanamume hapa," alimwambia Rupert. "Mtu wa makamo. Ameshika glasi ina povu, mkono mwingine ameinua vidole viwili, anaagiza mbili nyingine. Mtu akipita akimwona, koo limkauke. Umenielewa, fundi?"

"Nimekuelewa, mkurugenzi."

"Ukinipatia, nina marafiki watatu. Mwenye bucha, mwenye saloni na mwenye duka la vipuri. Wote wanataka kuta zao zichorwe. Ukiniharibia, ujue na wao wana masikio."

Rupert alirudi nyumbani akitembea juu ya vidole. Kuta nne! Kwa kuta nne angemkaribisha baba mkwe, amtembeze mji mzima, na viatu vile vingekosa la kusema.

Alichora siku tatu. Alitandaza gunia mbele ya ukuta watu wasichungulie, alipaka povu kwa rangi nyeupe iliyobaki kwenye mabawa ya malaika, na Jumamosi saa nne asubuhi akalivuta gunia. Marcelino alisogea mbele, akarudi nyuma, akakuna kidevu. Glasi ilikuwa glasi. Povu lilikuwa povu. Lakini kuna kitu kilimsumbua asijue ni nini.

Aliyejua ni Bibi Kunegunda, mjane wa seremala, aliyekaa ng'ambo ya barabara na asiyekosa misa hata ya Jumatatu. Alikuwa anapita na kikapu chake. Akasimama. Akaweka kikapu chini. Akapiga magoti palepale vumbini, mbele ya wanywaji sita wa kwanza wa Baa Tulizo, akafanya ishara ya msalaba.

"Mtakatifu Yosefu," alisema, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Jamani, mbona wamekushikisha bia?"

Wanywaji wakageuka kuutazama ukuta. Loo! Macho yameinama kidogo. Shingo imelala upande. Paji la uso linang'aa. Na vile vidole viwili vya kuagiza mbili nyingine, vimeinuliwa kwa upole ule wa kutoa baraka. Mmoja akavua kofia kabla hajajua anafanya nini. Mwingine akaisogeza glasi yake nyuma ya mguu wa meza.

Kuanzia siku hiyo, biashara ya Marcelino ilikuwa ya kusikitisha na ya kiroho sana. Watu waliingia baa wakisema "Tumsifu Yesu Kristo," na wahudumu wakaitikia "Milele na milele, amina," halafu wakaagizwa soda. Fundi baiskeli mmoja, mlevi anayeheshimika mtaa mzima, aliutazama ukuta wakati wa machweo, akaungama kwa sauti kwamba alimpiga nduguye mwaka wa njaa, akaenda zake nyumbani mzima kabisa. Mkewe alikuja kesho yake kushukuru. Akaacha maua kwenye mkebe chini ya ukuta. Wiki ya pili mikebe ilikuwa saba na mishumaa mitatu.

"Soda!" Marcelino alimfokea Rupert. "Wiki mbili nauza soda ya machungwa! Mimi nilifungua baa au shule ya chekechea?"

"Tutarekebisha, mkurugenzi. Ni jambo dogo."

"Dogo? Jana kuna mtu kaniuliza rozari inaanza saa ngapi!"

Rupert akarekebisha. Alimvisha mtu wake kofia ya pama, maana wapi mtakatifu akavaa pama? Bibi Kunegunda alikuja akatazama, akaridhika. "Hapa yuko njiani kwenda Misri," akawaeleza watoto wa shule. "Jua la kule ni kali." Rupert akamvisha miwani nyeusi. Mikebe ya maua ikaongezeka, kwa sababu sasa Yosefu wa watu macho yalikuwa yanamuuma, na waliokuwa na ndugu wenye mtoto wa jicho walianza kuja toka mitaa ya mbali. Akamwekea sigara mdomoni. Hiyo ilisaidia kwa nusu siku, mpaka mtu mmoja aliyekuwa anajiona ana akili akasema ile si sigara, ni ubani.

Mwenye akili ya mwisho alikuwa Marcelino mwenyewe. "Mfute huyo mwanamume," aliamuru. "Nichoree mwanamke. Mrembo, midomo myekundu, amebeba trei ya bia. Hapo hakuna wa kupiga magoti, labda kwa sababu nyingine."

Rupert alitaka kusema neno. Aliujua mkono wake. Aliwahi kumchora Lidwina mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa, akatokea Mtakatifu Monika analilia mwanawe. Lidwina aliitazama picha ile, akamwuliza, "Hivi mume wangu, umewahi kunitazama wewe?" Picha ikaenda kufunika mtungi. Lakini mwenye ukuta akisema, mwenye brashi ana la kusema? Akachora. Alhamisi asubuhi gunia likavutwa, na katekista wa kigango, aliyekuwa ameitwa kuja kuondoa mikebe ya maua, alitazama juu mara moja tu, akakaa chini kwenye mchanga.

"Mama wa Mungu," alisema kwa sauti ndogo. "Na bia nane."

Marcelino hakufoka tena. Alikwenda nyuma akarudi na ndoo ya chokaa, akaitua miguuni pa Rupert. "Paka. Paka yote, iwe nyeupe kama ilivyokuwa kabla sijakujua. Na usihangaike kwenda kwa marafiki zangu. Mwenye bucha amesema hataki ng'ombe wake aonekane kama ametoka pangoni Bethlehemu."

Rupert akapaka chokaa. Kuta nne zilikuwa zimekwenda, na heshima ilikuwa imeshatangulia. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na katika dunia nzima iliyojaa watu, alikuwa hajui uso hata mmoja.

Na shida haziji peke yake, zina ndugu. Saa nane mchana, chokaa haijakauka, aliona viatu. Viatu vyeusi, visigino vimelika upande wa nje, kamba moja ya kiatu na nyingine ya katani. Aliinama mara moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Mzee Polikarp Kapinga. Alikuwa ametoka Mbinga na basi la alfajiri, na Lidwina alikuwa amemwelekeza Lizaboni, kwa moyo mweupe kabisa, akaione kazi. "Nimeambiwa nitaona kazi. Iko wapi?"

"Ni huu ukuta, baba."

Mzee akautazama ukuta mweupe kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. "Ahaa," alisema. "Kweli ni kazi. Na hii unafundishwa miaka kumi na moja?"

Marcelino aliyasikia maneno hayo toka ndani na moyo wake ukafurahi kwa mara ya kwanza tangu afungue baa. Hatimaye mtu wa kuongea naye! Alimletea mzee kiti kizuri, akamletea na bia, ya bure. Mzee alisema yeye ni mwenyekiti wa kigango na pombe hagusi. Marcelino akasema kweli, lakini vumbi la barabara ya Mbinga linajulikana. Mzee akakubali kwamba linajulikana. Bia ya kwanza ilikuwa ya vumbi, ya pili ya kifua, na baada ya hapo hawakuzipa tena sababu.

Wakaketi kivulini mpaka jioni wakimsema Rupert, yeye akiwa hatua tano toka pale, anapaka mkono wa pili wa chokaa.

"Nilimpa binti," alisema mzee. "Binti anayejua kubebesha kahawa punda wanne peke yake. Nikampa mtu wa kupaka."

"Mimi nilimpa ukuta," alisema Marcelino. "Afadhali wewe, mzee wangu. Binti unaweza kumrudisha."

"Jumapili baada ya misa namrudisha. Na watoto. Huyu abaki na ukuta wake."

Walicheka, na kicheko kile kilimwingia Rupert mwilini kama maji ya moto. Jamani, mtu anaweza kuvumilia kudharauliwa, lakini kudharauliwa kwa bia za bure huku umewapa mgongo kunataka roho ya paka. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Akageuka. Na kwa mara ya kwanza katika miaka minane, bila kuomba ruhusa kwa mila wala kwa mtu, akamtazama baba mkwe wake usoni.

Akaona jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, la mtu anayehesabu magunia hata akiwa amelala. Akaona pengo la meno mawili juu. Akaona povu limetulia kwenye masharubu na mzee halifuti, analihifadhi alilambe baadaye asilipoteze. Glasi ameikumbatia mkono mzima kifuani, kama mtu aliyewahi kuibiwa. Kisha mzee akainua mkono mwingine, vidole viwili, na Rupert akaviona vimekakamaa na udongo wa kahawa umeingia kwenye kucha moja kwa moja, hautoki tena.

"Lete mbili!" aliita mzee. "Analipa mkwe!"

Rupert aliokota mkaa uliotupwa kando ya jiko la nyama choma. Alichora kwa hasira, mstari juu ya mstari, akigeuka, akitazama, akirudi ukutani. Nao wawili wale hawakushughulika naye, maana mtu ukishamdharau vya kutosha huoni tena anachofanya. Jioni akafunika kwa gunia. Ijumaa alipaka rangi toka alfajiri, bila kula.

Marcelino aliposikia kuna picha tena nyuma ya gunia alikuja anakimbia ameshika panga. Gunia likavutwa. Panga likabaki hewani. Halafu Marcelino akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi, akawaita wahudumu waje wacheke naye.

Jumamosi Lizaboni haikulala mapema. "Huyu ni yule mzee wa Alhamisi!" "Mtazame jicho, anadhani nitaimaliza bia yake!" Watu toka Mbinga waliokuja mjini kununua bati walisimama na baiskeli zao. "We, huyu si mwenyekiti wetu? Yule anayetukataza kunywa komoni?" Wakaingia kuhakikisha, na kuhakikisha kukachukua kreti kumi na tatu. Saa kumi akapita Bibi Kunegunda na kikapu chake. Marcelino alishika kichwa. Bibi akatua kikapu. Akatazama pengo, akatazama povu.

"Huyu si mtakatifu," alisema. "Huyu ni mume wa mtu." Akabeba kikapu chake akaenda zake.

Ikabaki Jumapili.

Baada ya misa Mzee Polikarp alitangulia kwenda stendi, nyuma yake Lidwina na sanduku la bati kichwani, nyuma yake Agape, binti wa kwanza, amekumbatia jogoo, akimshika mkono mdogo wake. Rupert aliwafuata kwa mbali, kama mtu anayesindikiza maiti yake mwenyewe. Njia ilipita mbele ya Tulizo. Alitamani ardhi ipasuke. Hasira ilikuwa imekwisha zamani, ilibaki hofu tupu.

Mzee akauona ukuta. Akasimama. Lidwina aliposimama nyuma yake sanduku liliyumba, akalishika, akaziba mdomo kwa mkono mwingine. "Baba!" alisema, na haikujulikana anaita yupi, wa njiani au wa ukutani.

"Nani alikuruhusu kunitazama?" mzee aliuliza, bila kugeuka.

"Hakuna, baba," Rupert aliiambia ardhi.

Mzee alisogea mpaka pua ikakaribia rangi. Alinyoosha kidole akagusa lile pengo ukutani, halafu akaingiza kidole kinywani, akagusa pengo lake. Wanywaji wa Jumapili wakamtambua. "Mzee mwenyewe huyo!" Wakasimama wote, mmoja akampisha kiti, mwingine akaita mbili. Mwenye duka la vipuri alikuwepo, akampa mkono, akamwuliza kama mkwe wake ana nafasi wiki ijayo. Mwenyekiti wa kigango alitazama kushoto, akatazama kulia, asione mtu wa kigango chake. Akaketi.

Basi likamwacha. La Jumatatu likamchukua peke yake. Alipokuwa anapanda ngazi alisema maneno mawili tu: "Sikio umelikosea." Sanduku la bati Lidwina alikuwa amelirudisha uvunguni usiku wa Jumapili.

Kuta zikaja, nne, zikawa kumi na moja. Marcelino alisimulia mji mzima kwamba Rupert ni kipaji chake, amemgundua yeye. Mwenye bucha alipata ng'ombe anayeonekana kweli anataka kukimbia. Mzee naye akawa anashuka mjini kila baada ya mavuno, kikazi, akipitia Lizaboni kuangalia kama jua halijambabua, na Rupert akawa anaisalimia ardhi kama kawaida.

Mwaka tisini na sita kifua kile cha kusingiziwa kikaugua kweli. Mzee Polikarp alizikwa Mbinga, kwa heshima zote za kigango. Picha ya kuweka juu ya jeneza haikupatikana. Maisha yake yote aliwakataa wapiga picha, aliwaita wezi wanaokuuzia uso wako mwenyewe.

Arobaini ilipokwisha, mama mkwe alishuka mjini. Hakupitia nyumbani. Lidwina alimleta moja kwa moja Lizaboni, mama mfupi aliyejifunga kanga mbili, na Rupert akajibanza kwenye kona ya baa macho yakiwa vidoleni pake, kama mila inavyotaka. Marcelino akazima redio. Wanywaji wakavua kofia, mmoja mmoja. Glasi zikarudi nyuma ya miguu ya meza. Bibi Kunegunda akatoka ng'ambo kwake, akaja, akapiga magoti bila kuambiwa na mtu, kumwombea marehemu.

Mama aliutazama ukuta. "Hivi hivi," alisema. "Nikimwomba hela ya chumvi alikuwa ananitazama hivi hivi." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Mwizi wa povu wewe."

"Mama, hiyo glasi naweza kuifuta," Rupert aliziambia ndala zake. "Nimwekee kitabu cha sala."

"Uifute? Halafu nimjue vipi?"

Rupert aliona pindo la kanga linasogea vumbini, linakuja, mpaka likasimama mbele ya vidole vyake. Akainama zaidi.

"Inua uso, mwanangu," alisema mama mkwe. "Nitazame vizuri. Na mimi sina picha."